Tajiri Alimpanga Namba Tisa, na Namba Tisa Akafunga

Kikosi kilikuwa kimeshaandikwa. Karatasi ya daftari, majina kumi na moja kwa peni ya bluu, na kocha alikuwa nayo mkononi anasubiri tu wenye fomu waje waichukue. Mi nilikaa uwanja wa Nyamagana, hapa Mwanza, nyuma kabisa ya benchi la ufundi, pale ambapo ukikaa unasikia mpaka kocha akisafisha koo. Akashuka kijana mmoja kutoka jukwaani, simu bado iko hewani, akamwinamia kocha sikioni. Kocha akasikiliza. Hakubisha. Akaiweka ile karatasi juu ya goti, akalikata jina la namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, kwa mstari mmoja, akaandika jingine pembeni.

Dogo aliyekatwa alikuwa ameshafunga viatu na plasta ameshaizungusha kwenye soksi. Akaanza kuibandua ile plasta taratibu, akaikunja, akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Ila kilichonishika sio hicho, kilichonishika ni wenzake. Walioliona lile tukio hakuna aliyemwangalia kocha. Waligeuza shingo wote wakaangalia juu, kule alikokaa tajiri anayeigharamia timu.

Na mechi ikaisha moja bila, na mfungaji ni yule yule aliyeandikwa pembeni.

Tunatoka getini kila mtu anaongea hilo hilo, si mmeona, tajiri anaujua mpira kuliko kocha. Ni timu ya madaraja ya chini, sitaitaja, na wala sio ya ajabu, timu za namna hiyo ziko nyingi. Ila swali limenikaa wiki kadhaa sasa, nikiwa kwenye daladala nalifikiria, nikiangalia mechi kwenye banda nalifikiria. Kama tajiri alipatia, kwa nini moyo wangu unakataa?

Hela ni yake

Nianze na upande wa tajiri maana ndo upande ambao sisi watu wa mpira huwa tunaupita mbio. Timu inatoka huku ziwani inaenda kucheza Mtwara, kule baharini, inaivuka nchi nzima kwa basi, njiani watu wale, walale, wapate maji, wakifika walale tena, na siku ya mechi nyumbani kiingilio kilichokusanywa getini pengine hakifiki hata hela ya mafuta. Mechi ikiisha wachezaji wanataka posho. Kocha hana posho ya mtu. Mwenyekiti anampigia mtu mmoja na yule mtu anatuma hela kwa simu usiku huo huo, watu wanakula, kesho mazoezi yanaendelea. Halafu mtu huyo akisema naomba yule dogo aanze, tunamwambia anaingilia?

Na kocha akifukuzwa anaondoka na begi lake, deni linabaki. Kocha wa kigeni asipolipwa stahiki zake anaenda FIFA, FIFA ikishaamua na klabu haijalipa, inafungiwa kusajili mpaka ilipe. Hilo timu zetu zimelipitia, wala sio hadithi ya mbali. Anayekuja kuizima hiyo kesi ni mwenye hela.

Tena makocha nao wanaondoka wenyewe. Sven Vandenbroeck, Januari 2021, Simba imetoka kuifunga FC Platinum nne bila pale kwa Mkapa, imeingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, watu bado wanashangilia, kocha kaaga, kaibukia Morocco kwenye FAR Rabat. Sead Ramović aliingia Yanga Novemba 2024, Februari 2025 yuko Algeria na CR Belouizdad. Sasa wewe ndo mwenye hela, utamwachia mtu wa hivyo kila kitu? Akusajilie wachezaji kwa mikataba ya miaka miwili mitatu, na yeye mwenyewe miezi mitatu tu kashapanda ndege?

Hapo ndo nilipokwama.

Maana hoja ya kwamba kocha ndo mtaalamu aachiwe timu yake, ukiisogeza mpaka kwenye hela, inapungua nguvu.

Shevchenko, halafu Glenn

Kwenye banda la mpira ukianzisha huu mjadala mfano wa kwanza lazima uwe Chelsea. Roman Abramovich kainunua timu 2003, mwaka 2006 akaletwa Andriy Shevchenko kutoka Milan kwa dau lililotajwa kuwa zaidi ya pauni milioni 30, na magazeti mengi wakati ule yakaandika kwamba huyo alikuwa mtu wa mwenye timu kuliko mtu wa kocha José Mourinho. Mechi 48 za ligi, mabao 9. Septemba 2007 Mourinho akaondoka. Watu wanaupenda mfano huu kwa sababu unamaliza ubishi haraka, tajiri hajui mpira, kwisha habari.

Ila mi haunisaidii. Namba tisa wa Nyamagana alifunga. Nilikuwa nataka kisa ambacho mwenye timu alipatia.

Nikakipata kwenye mpira mwingine kabisa, ule wa Wamarekani wa kukimbia na mpira mkononi wamevaa helmeti. New England Patriots, mwaka 1996. Mwenye timu ni Robert Kraft, kocha ni Bill Parcells, mtu ambaye alishabeba Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa ligi yao, mara mbili akiwa na New York Giants, yaani sio kocha wa kuokoteza. Kule wachezaji wanaotoka vyuoni hawagombaniwi kwa mnada, timu zinachagua kwa zamu. Zamu ya Patriots ilipofika Parcells alikuwa anataka mtu wa ulinzi. Ofisi ya Kraft ikamchagua Terry Glenn, mdakaji wa pasi.

Glenn akadaka pasi 90 msimu wake wa kwanza, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa rekodi ya ligi kwa mchezaji mgeni. Timu ikafika Super Bowl.

Umeona? Tajiri kapatia mia kwa mia. Na Parcells, baada ya fainali hiyo hiyo waliyofungwa na Green Bay, akaondoka akaenda New York Jets, wapinzani wao wa kundi moja.

Hiki kisa ndo kilichonifungua. Kumbe swali la nani anamjua mchezaji mzuri sio lenyewe. Tajiri anaweza kumjua mchezaji mzuri, kwa nini asimjue, ameangalia mpira miaka mingi kama sisi wengine na macho anayo. Anaweza akapatia mara tano mfululizo na bado timu ikawa inaharibika chini kwa chini, kwa sababu aliyepewa kazi ya kuiongoza ameshajua, na wachezaji wameshajua, kwamba neno la mwisho halitoki kwake.

Na Kraft huyo huyo, mwaka 2000 alipomchukua Bill Belichick, mambo ya wachezaji akayaacha mikononi mwa kocha. Wakakaa pamoja misimu 24, Super Bowl sita, wakaja kuachana Januari 2024. Mwenye timu hakubadilika, hela ni ile ile, kilichobadilika ni alichokiachia.

Wakati huo huo kuna Jerry Jones wa Dallas Cowboys. Kainunua timu 1989, akamwondoa Tom Landry aliyeifundisha misimu 29, akamleta Jimmy Johnson waliyecheza naye timu moja chuo kikuu Arkansas. Msimu wa kwanza walishinda mechi moja tu wakafungwa 15. Halafu wakawa mabingwa mara mbili mfululizo. Na Machi 1994, wakiwa mabingwa, wakaachana, ugomvi ukiwa juu ya nani mwenye mamlaka na nani apewe sifa. Jones akaleta kocha mwingine, Barry Switzer, akabeba tena ubingwa msimu wa 1995, na mi nikifika hapo huwa nasita kidogo maana mtu wa upande wa tajiri atakwambia si unaona, hata bila Johnson mambo yalienda. Yalienda, na kikosi kilichoshinda mwaka ule kilikuwa sehemu kubwa kile kile kilichojengwa wakati wa Johnson. Jones mwenyewe ndo meneja mkuu wa timu yake toka alipoinunua, na toka ubingwa ule mpaka naandika hapa Dallas haijaingia Super Bowl nyingine.

Zile shingo

Turudi kwa wale wachezaji waliogeuza shingo.

Nilienda kuwaangalia mazoezini baadaye, asubuhi, jua bado halijachoma. Kocha anamfundisha beki wa kulia apande kila winga anapoingia ndani. Beki anaitikia kwa kichwa, mpira ukianza hapandi. Mara ya kwanza, mara ya pili. Kocha akapuliza filimbi, akamfuata pale pale, akamuuliza tatizo nini. Dogo akajibu kwa adabu kabisa, mikono nyuma, "Kocha, samahani, bosi aliniambia nisiwe napanda sana."

Hapakuwa na dharau, na hicho ndo kilichoniuma. Dogo yule amepiga hesabu zake vizuri tu. Mkataba wake ameupatia kwa nani? Nani alitoa hela ya kumleta mjini, nani anamlipia chumba? Kocha wa msimu huu sio lazima awe kocha wa msimu ujao, bosi atakuwepo. Mtu akiwa na wakubwa wawili wanaotoa maagizo tofauti, anamtii yule anayebaki.

Na fikiria yule namba tisa aliyebandua plasta. Wiki nzima alikuwa anawahi mazoezi, anabaki kupiga mashuti wenzake wakishaondoka, jina lake likaandikwa, halafu likakatwa na mtu ambaye hata mazoezini hakuwepo. Wiki inayofuata atafanya nini? Kama ana akili, na anayo, ataacha kubaki kupiga mashuti, ataanza kutafuta nani wa kumfikisha kwa tajiri. Ndani ya mwezi mmoja una wachezaji ishirini na kitu ambao nusu ya akili yao iko kwenye kutafuta nani anamjua nani. Mwenye namba ya simu ya bosi anaanza, asiye nayo anakaa benchi anajiuliza kosa lake.

Bao moja lile lilionekana na watu wote uwanjani. Hiki kingine hakionekani siku ya mechi, kinakuja kuonekana mwezi wa nne, timu iko mkiani inatakiwa ipambane, kocha anapiga kelele pale kwenye mstari hakuna anayegeuka.

Na kocha mwenyewe je? Watu wanamlaumu, wanasema angekataa, angekuwa mwanaume. Ana watoto wanasoma. Mshahara wake wa mwezi uliopita bado hajaumaliza kuupata. Angekataa angeambiwa asante, na jioni ile ile kuna kocha mwingine angepokea simu na angekubali. Ujasiri wa kocha ni kitu kizuri ila huwezi kuendesha klabu kwa kutegemea kwamba kila kocha atakuwa tayari kulala njaa.

Mwenye mitumbwi

Nilimpelekea hili jambo mzee mmoja jirani yetu, ana mitumbwi ya dagaa, tulikutana Mwaloni Kirumba nikiwa nimefuata samaki. Mpira wala haumhusu. Nikamuuliza tu, mzee, shikamoo, hivi mtumbwi ukiwa ziwani usiku, wapi pa kumwaga nyavu anaamua nani?

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Mwanangu, mi niko kitandani Igombe, naona nini?"

Akanieleza. Mtumbwi ni wake, injini yake, mafuta yake, taa zake, nyavu zake. Nahodha anamchagua yeye. Asubuhi anahesabu, na nahodha akirudi mikono mitupu giza la kwanza, giza la pili, giza la tatu, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo ndo dagaa wanavuliwa, anamtoa anaweka mwingine, hilo halina mjadala. Ila mtumbwi ukishaondoka hapigi simu kumwambia sogea kushoto. Upepo anausikia aliyeko kule. Na wale vijana wa kuvuta nyavu wakishajua kwamba nahodha anaongozwa kwa simu na mtu aliyelala, siku ya dhoruba hawatamsikiliza, na siku ya dhoruba ndo wanatakiwa wamsikilize kuliko siku zote.

Nikadhani amemaliza. Akaongeza, "Ila nyavu ni zangu. Akizipeleka kwenye mawe zikachanika, nitamuuliza."

Hii sehemu ya pili ndo sikuwa nimeifikiria. Sisi mashabiki wa makocha huwa tunaongea kana kwamba mwenye timu hana haki ya kuuliza kitu. Anayo. Kocha akimchezesha mchezaji mwenye maumivu mpaka goti likafa, hiyo ni nyavu imechanika. Akimweka benchi kijana wa miaka 19 msimu mzima bila sababu ya maana, thamani ya kijana imepotea na aliyepoteza ni klabu. Mwenye timu ana haki ya kumkalisha kocha chini akamuuliza kwa nini, tena kwa ukali. Ila amuulize Jumatatu, ofisini, wawili tu. Sio Jumamosi saa tisa na nusu alasiri kwa kupitia kijana mwenye simu.

Kwetu bosi sio mmoja

Kuna kitu kinafanya haya mambo yawe magumu zaidi huku kwetu, wala Kraft na Jones hawakukutana nacho. Wale ni mtu mmoja, jina lake liko kwenye hati. Kwetu Simba ilipopitisha mabadiliko ya umiliki, ikawa wanachama asilimia 51 na mwekezaji 49, na hiyo 49 Mohammed Dewji aliiwekea dau la shilingi bilioni 20. Kwenye karatasi mwanachama ndo mkubwa. Kwenye usajili unajua mwenyewe nani anasikilizwa. Halafu kuna bodi, kuna mwenyekiti wa wanachama, kuna mtendaji mkuu, kuna wazee, kuna matawi. Kocha Mbrazili au Mtunisia anashuka pale uwanja wa ndege anapokelewa na watu saba na wote wanajitambulisha kama viongozi.

Kocha Robertinho alikuwa na Simba haijafungwa kwenye ligi msimu ule mpaka Novemba 5, 2023, Yanga wakaipiga tano moja, siku mbili baadaye hana kazi. Miguel Gamondi amebeba ubingwa na Yanga msimu wa 2023/24, Novemba 2024 kafungwa na Azam, kafungwa na Tabora United, kaondoka. Simlaumu aliyeamua, kufukuza ni haki ya mwenye timu na tano moja na Yanga mi mwenyewe najua uzito wake mtaani. Ninachosema, kocha anahukumiwa peke yake kwa kikosi ambacho hakukiunda peke yake. Anafika Julai, nafasi za wachezaji wa kigeni nyingi zimeshajaa, namba sita, yaani kiungo mkabaji, anayemtaka hana pa kumweka, na Novemba anaulizwa mbona kiungo kimepwaya.

Hata kule kwenye klabu za wanachama Ulaya hawajasalimika. Real Madrid haina tajiri, rais anapigiwa kura. Kocha Vicente del Bosque aliwapa Ligi ya Mabingwa 2000 na 2002, na ubingwa wa Hispania 2001 na 2003. Siku moja baada ya huo wa 2003 akaambiwa mkataba hauongezwi. Kiangazi hicho hicho wakamwachia na kiungo wao Makélélé aende Chelsea. Ubingwa wa ligi hawakuuona tena mpaka 2007.

Halafu kuna Pamba. Hapa Mwanza tunaisema kwa kifua, mabingwa wa 1990, TP Lindanda, imekaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarudi 2024 ikiwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji. Jiji likiwa ndo mwenye timu maana yake mwenye timu ni mimi na wewe na mama anayeuza sato pale Kamanga. Ni kitu kizuri na nakipenda sana. Ila timu ya umma inahitaji kuliko timu yoyote ile mipaka iliyoandikwa, kwa sababu viongozi wa umma wanahamishwa, wanastaafu, wanakuja wapya na mapenzi mapya, na kocha hawezi kuanza kujifunza bosi mpya kila baada ya uhamisho.

Ningeandika hivi

Nimefikiria sana na ningekuwa mimi ndo naandika mkataba, kungekuwa na ukurasa mmoja tu wa hili jambo, kwa Kiswahili cha kawaida.

Kumi na moja wa siku ya mechi, kocha, na hakuna mtu mwingine. Usajili, klabu ndo inaamua maana hela ni yake na kocha atapita, ila kocha ana haki ya kusema huyu simtaki na jina likaishia hapo. Yaani hawezi kuilazimisha klabu inunue, na klabu haiwezi kumlazimisha achezeshe. Maswali ya mwenye timu yanakuja baada ya mechi, kwa mtu mmoja aliyetajwa jina, na mchezaji haruhusiwi kupewa maelekezo ya uwanjani na mtu ambaye hayuko kwenye benchi la ufundi. Kufukuza kunabaki kwa mwenye timu, na fidia iandikwe mapema ili tusiende FIFA kuaibishana.

Najua kuna atakayesema tajiri ukimbana hivyo ataondoka na basi litabaki bila mafuta. Nimelifikiria hilo kuliko yote. Sina uhakika kwamba hataondoka. Wapo watakaoondoka, wale ambao kupanga kikosi ndo raha yenyewe waliyoifuata, na timu zitateseka, labda zitashuka. Ila wapo pia matajiri wanaotaka kushinda kweli, na hao wakionyeshwa zile shingo zinavyogeuka naamini wataelewa, maana hela inayopotea ni yao.

Kuna timu ya mtaani kwetu ambayo na mimi nachangia, sio kubwa, iko daraja la mkoa, ina wafadhili watatu na kila mmoja ana mchezaji wake. Nimeshamwambia katibu huu ukurasa auweke kwenye ajenda ya mkutano wa kabla ya usajili, na mfadhili mmoja kati ya wale watatu amekubali kusaini. Wawili bado tunaongea nao.